Barabara Mliyoniuzia Inaishia Nyakanazi

Leonidasi Ndizeye,
Kata ya Ntobeye,
Ngara.

Mkurugenzi,
Kampuni ya Michezo ya Simu Tairi Kumi,
Dar es Salaam.

YAH: KUUZIWA BARABARA AMBAYO HAIJATENGENEZWA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, katika ofisi yenye paa na ngazi zinazofika mpaka ghorofa uliyopo. Huku Ntobeye mvua imenyesha vizuri na maharage yametoa maua.

Mimi ni dereva mstaafu wa semitrela. Nimeendesha miaka ishirini na tisa, kutoka bandarini hadi mpakani Rusumo, nikaacha pale goti la kushoto, lile la klachi, lilipokataa kazi. Mke wangu, Selestina Niragira, hakupanda gari langu hata siku moja, kwa sababu tajiri wangu, mwenye gari, alikataza abiria. Miaka yote hiyo yeye alilima, mimi nikawa wa kuondoka na kurudi, na kila aliponiuliza njiani kukoje nilimjibu, "Barabara tu."

Mwezi wa pili mpwa wangu Wiston, mwalimu kule Nyakisasa, alikuja kutusalimia akanionyesha gemu lenu la mtandaoni liitwalo Dereva wa Mpakani. Kwenye tangazo palikuwa na lori likipita juu ya daraja la Rusumo, maji yakiporomoka chini yake. Selestina aliichukua simu akaitazama kwa muda. Daraja hilo amelivuka mara moja tu maishani, akiwa msichana, kwa miguu, sufuria kichwani, akija upande huu. Akasema, "Ningependa kulipita nimekaa."

Tukauza debe la maharage, tukalipia. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu barabara. Siku ya kuanza safari, saa kumi jioni, Selestina alivaa kitenge chake cha kanisani, akaleta chupa ya chai, akakaa kushoto kwangu kwenye benchi, upande wa abiria. Tuliendesha jioni tatu. Nilimwonyesha mizani, nikamwonyesha mahali nilipowahi kulala siku sita nikisubiri springi mpya ya lori, nikamwonyesha Kahama na Ushirombo. Akasema, "Kumbe ni mbali hivi." Nikajifanya nashughulika na kona.

Jioni ya nne tukapita Nyakanazi. Mita mia mbili mbele, lami ikaisha. Sisemi iliharibika, maana lami iliyoharibika naijua na hatujawahi kukosana. Iliisha kama mkeka unavyoisha. Palisimama kibao kimeandikwa BARABARA INAENDELEA HIVI KARIBUNI, na nyuma ya kibao palikuwa na rangi ya bluu. Lori langu lilidondoka ndani ya bluu hiyo pamoja na trela lake na tani ishirini na nane za saruji. Selestina alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema, "Sasa naelewa kwa nini ulikuwa unachelewa."

Hapo ndipo nilipoelimika kwamba yale maneno madogo chini ya tangazo, "toleo la mapema", maana yake ni kwamba mimi nimewahi kulipa kuliko ninyi mlivyowahi kutengeneza. Nawapongeza kwa lugha hiyo. Kwetu muuzaji wa namna hiyo tulikuwa tunamwita jina jingine.

2. Kuhusu foleni. Kwa kuwa gemu hili ni la mtandaoni, kila lori unaloliona ndani yake lina mtu aliyelipa. Pale mwisho wa lami nilikuta malori thelathini na saba yamepanga mstari, yakiogopa kudondoka. Dereva mmoja aitwaye Mhoja, wa Kahama, aliniandikia kwamba yupo pale tangu Krismasi, na kwamba kuna wenzake waliozoea. Nakiri kwamba foleni ya mpakani mmeiigiza vizuri mno. Kilichobaki ni mpaka.

3. Kuhusu majibu yenu. Nilipowaandikia mlinijibu, "Mpendwa Mwanzilishi, asante kwa kuwa sehemu ya safari yetu." Naomba kufahamishwa ni safari ipi. Mkaendelea kunieleza kwamba mimi si mteja tu, bali ni mjaribu wa gemu, na kwamba nina wajibu wa kuripoti kasoro. Mimi ni mtu wa wajibu. Niliandika kasoro kumi na nne, zikiwemo taa za breki zinazowaka lori likiwa limezimwa, na mbuzi wa Runzewe anayetembea miguu yake ikiwa chini ya ardhi. Kwa tajiri wangu wa zamani, dereva aliyepewa gari bovu ili alijaribu alilipwa posho. Kwenu dereva ndiye anayelipa ili apewe ubovu wa kuujaribu. Kama shukrani mlinitumia kofia nyekundu ya kumvalisha dereva wangu. Kofia ni nzuri, nami sina ugomvi nayo, ila haina urefu wa kutufikisha ng'ambo.

4. Kuhusu duka. Barabara haijakamilika lakini duka limekamilika. Mnauza honi za aina sita, mapazia ya kabini, rangi ya trela, na maandishi ya nyuma yasemayo Wivu Hauna Dawa. Mnauza pia kibali cha kuvuka daraja ambalo halipo. Wiki iliyopita mkatangaza kwamba atakayelipa tena atapewa kabla ya wengine kipande cha kutoka Nyakanazi hadi Lusahunga, ambacho kwa maneno yenu "kinakaribia kukamilika". Nilijiuliza kama mwenye duka la dawa naye angeniuzia nusu ya kidonge cha goti, akaniambia nusu nyingine ataipika nikishapona.

5. Kuhusu Happy. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Ndugu Mkurugenzi, mahali pekee mlipopamaliza katika njia yote ni gesti ya Nyakanazi. Mmeimaliza mpaka mashuka. Kila anayedondoka kwenye bluu huamkia hapo, na dada wa mapokezi aitwaye Happy humwambia kwa sauti laini, "Karibu tena, dereva wangu. Chumba chako ni kile kile."

Mimi nimedondoka mara tisa.

Mara ya kwanza Selestina alicheka. Mara ya nne aliuliza, "Kile kile kipi?" Mara ya tisa aliweka kikombe chini, akaacha Kiswahili, akaniuliza kwa Kihangaza nilijuaje tangu siku ya kwanza kwamba ngazi za gesti ziko nyuma ya jiko. Nilimweleza kwamba sisi madereva tunazijua gesti zote. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na halikunisaidia. Katekista wetu, Mzee Venance, ameshafika nyumbani mara mbili kutusuluhisha. Mara ya pili aliomba aione simu ili aelewe kiini cha mgogoro. Happy akamwambia naye karibu tena, na tangu siku hiyo hajarudi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, barua yenye muhuri wa kampuni, ikithibitisha kwamba Happy hakuzaliwa, hana wazazi, na hakuwahi kuajiriwa Nyakanazi katika miaka ishirini na tisa ya utumishi wangu. Pili, mtume afisa mmoja aje Ntobeye aisome barua hiyo mbele ya mke wangu na wazee wawili wa ukoo. Nauli ajitegemee, kwa kuwa naye atakuwa sehemu ya safari yetu. Tatu, nirudishiwe debe la maharage, na liwe debe kweli, limejaa.

Kama hayo yote yanawashinda, niko tayari kununua hicho kipande cha Lusahunga kwa utaratibu wenu wenyewe. Nitawatumia maua ya maharage kwa basi la kesho. Punje zinakuja hivi karibuni.

Nisalimie wahasibu wako, ambao bila shaka kazi yao imekamilika. Msalimie kijana anayejibu barua, na yule aliyechora machweo ya Kahama, ambayo mke wangu aliyapenda. Nawatakia wote siku njema, nzima, isiyoishia saa sita mchana.

Wenu katika ujenzi wa taifa na wa barabara,

Leonidasi Ndizeye
Dereva Mstaafu
(Mwanzilishi Namba 2116, kwa mujibu wenu)

N.B. Mimi ni Selestina, mke wa mwandishi. Amenipa barua niifunge, yeye ameenda kumtafuta kondakta wa basi. Nimeisoma yote na haina uongo.

Ila kuna jambo hakuwaandikia. Aliponioa alinileta kwenye nyumba yenye kuta tatu. Upande wa nne alifunga turubai la lori. Nilisimama nje na sanduku langu, akaniambia, "Ingia tu, ukuta unakuja." Nikaingia. Ukuta ulikuja mwaka wa tano, mtoto wetu wa pili akiwa anatembea. Katikati ya hapo alikuwa akirudi safari ananiletea khanga, sahani za maua, saa ya ukutani, wakati ukuta wa kuitundika haupo. Sikumdai mahali popote, na leo nikiulizwa, miaka ile ya turubai ndiyo tuliyocheka sana.

Kwa hiyo debe la maharage msirudishe, na afisa msimtume, hatuna pa kumlaza. Happy mwacheni, nilikuwa namtania mzee, raha yake ni vile anavyoapa.

Kile kipande cha Lusahunga nimeshakilipia jana kwa simu yangu, pamoja na mapazia. Bado hajui. Akirudi nitamwambia, tukishakunywa chai.