Neno Nililolifupisha kwa Mama Riziki

Sogea hapa, wewe unayejaza fomu za chuo, nikueleze polepole. Leo nimeumbuka. Nimeumbukia Kakuma, halafu aibu yenyewe nikaibeba ndani ya bahasha mpaka Lodwar.

Naomba kozi ya fiziotherapia, ile ya kunyoosha viungo na kuwasaidia watu watembee tena. Wanataka barua mbili za mapendekezo. Mwaka jana nilimchagua mheshimiwa mmoja mwenye gari kubwa. Akaandika, "Namfahamu kijana huyu kwa jina." Basi! Chuo nacho kikanifahamu kwa jina, kikaniacha. (Usichague cheo. Chagua mtu aliyekuona ukitoka jasho.)

Safari hii nikachagua vizuri. Barua ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wangu wa baiolojia. Ya pili niliitaka kwa Mama Riziki, Mkongo, mtaalamu wa viungo katika kliniki ya Kakuma nilikojitolea miezi minane. Ana wajukuu watano na vidole kama koleo. Ndiye aliyenifundisha kumwinua mgonjwa bila kujivunja mgongo.

Kuchagua hakukunishinda. Kuomba ndiko kulikonimaliza.

Nilitaka kumheshimu kwa Kiswahili cha kwao. (Nani alinituma? Kwetu ni Kiturkana, Kiswahili tulikutana nacho shuleni.) Nikaandika "mapend", simu ikanimalizia: mapendo. Nililiona! Nikasema, aa, Wakongo lazima husema hivyo, kwa ufupi. Nikatuma:

"Mama, niko naomba uniandikie barua ya mapendo. Hakuna mtu anajua mikono yangu kama wewe. Iwe ya siri, uifunge kwa bahasha. Mwisho ni Ijumaa."

Kila kitu hapo ni kweli isipokuwa neno moja. Chuo chenyewe ndicho kinachotaka siri na bahasha.

Jibu likaja, likiniita nyumbani kwao: "Kuya Ijumaa saa tano. Tunakungoja." Hilo "tuna" lilipaswa kunishtua. Mimi nikapiga pasi shati.

Leo ndiyo Ijumaa. Dirisha la chuo la kupokea barua Lodwar linafungwa saa kumi. Saa tano kamili nikabisha kwa Mama Riziki. Mama hayupo, yuko kliniki. Nikamkuta mumewe, ambaye ni pasta, amevaa koti na tai katika joto lile. Pembeni wazee wawili wa kanisa. Katikati, kiti kimoja kitupu. (Nikawaza: hawa watu wanaheshimu elimu!)

"Ejok, Pasta," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Keti. Mama anakufundisha nini?"

"Kushika watu, Pasta."

"Kushika?"

"Na kukanda. Husema mikono yangu ni mizuri kuliko ya wenzangu wote."

Mzee mmoja akafumba macho. "Yezu!"

Pasta akatoa simu. Kumbe Mama huiacha nyumbani ikichajiwa. Akasoma ujumbe wangu kwa sauti ya mahubiri, akatua kidogo kwenye "mikono yangu". Jasho likanitoka mpaka kwenye kope.

"Mama amenipikia miaka makumi tatu," akasema polepole. "Hata mimi hajaniandikia barua ya mapendo. Akuandikie wewe?"

"Mapendekezo, Pasta! Ni ya chuo!"

"Chuo cha mapendo?" akauliza mzee wa pili.

Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyozama. Nikataja mapaja ya wagonjwa. (Sijui kwa nini.) Hapo wakasimama, wakaniwekea mikono kichwani, wakaanza kuniombea. Nikafungua jicho moja kutazama saa. Saa sita na nusu! Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni saa mbili, na mwaka mwingine wa kungoja ulikuwa unanichungulia mlangoni. "Amina," nikasema. Wakaendelea.

Saa saba Mama Riziki akaingia kula chakula cha mchana. Akausoma ujumbe. Akashika mwimo wa mlango, akacheka mpaka kilemba kikaanguka.

"Papa Riziki! Ni rekomandasyo! Mutoto anaenda masomo!"

Wazee wakakumbuka wana shughuli kwingine. Mama akaandika papo hapo, kurasa mbili, bila kuinua kichwa. Alipomaliza, Pasta akanyoosha mkono.

"Bahasha nitafunga mimi."

Akaifunga. Akagonga muhuri wa kanisa juu ya gundi. Akaandika kitu nyuma, taratibu, kwa herufi kubwa. Sikungoja kusoma. Nikadandia gari la kwanza.

Nilifika dirishani zikiwa zimebaki dakika saba. Nyuma yangu foleni ndefu. Dada wa dirishani akapokea bahasha, akaigeuza, akakunja uso, akasoma kwa sauti:

"HII SI BARUA YA MAPENDO. KANISA LINASHUHUDIA."

Foleni ikalipuka kwa kicheko.

"Kwani ya mapendo iko wapi, bro?" akapaza mmoja.

Dada akafuta machozi, akagonga muhuri. "Imepokelewa. Na jina lako sitalisahau."

(Angalau yeye hanifahamu kwa jina tu.)

Cheka, nimekuruhusu. Lakini ukimwomba mtu barua, andika neno zima, mapendekezo, kisha usome ujumbe wako kwa sauti kabla ya kutuma.