Dunia Namba Arobaini na Moja

Kuanzia mwezi ule, bahati nasibu iliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali.

Mambo yalianza na waraka uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa Wizara ya Mipango ya Baadaye, juu ya tangazo la mtu aliyepoteza funguo. Ulisema: "Ili kunoa fikra za kimkakati za maofisa waandamizi, Wizara itaendesha mafunzo ya siku tano kwa kutumia mchezo wa kompyuta wa kujenga madola. Mahudhurio ni ya lazima. Ushindi utazingatia ngazi za vyeo."

Aliyetakiwa kufunga kompyuta nane kwenye ukumbi wa mikutano ni Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, kibarua wa wizara kwa mwaka wa sita sasa. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi ikingoja sahihi. Ilikuwa imengoja hadi kikombe cha chai kikaacha duara juu yake.

"Duara ni dalili njema, mdogo wangu," Karani wa masjala, mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliyemwonea huruma, alimwambia. "Maana yake hajaitupa."

Fundi hakuwa na haja ya cheo. Alichokitaka ni kadi ya matibabu inayokuja na barua ile, kwa sababu mama yake alikuwa na magoti yaliyogoma, na kadi ya kibarua haitibu goti la mtu mwingine. Kwa kweli haikutibu hata la kibarua mwenyewe.

Siku ya kwanza maofisa walikaa kwa vyeo: Mkurugenzi kiti cha kwanza, Naibu wake cha pili, na kuendelea, mpaka kiti cha nane ambacho Karani aliitwa kukijaza.

"Waheshimiwa," Fundi alieleza, "kila mmoja atapewa watu wachache na kipande cha ardhi aanze kujenga. Ramani haichorwi na mtu. Kompyuta inaitengeneza yenyewe kwa bahati nasibu. Milima, mito, bahari, vyote vinaangukia popote."

"Popote, kwa idhini ya nani?" aliuliza Mkurugenzi.

Fundi alidhani ni utani akacheka. Alicheka peke yake.

Akabonyeza. Dunia ya kwanza ikajitokeza, na Mkurugenzi akajikuta kwenye kisiwa cha barafu kisichozidi upana wa mkeka, pamoja na dubu wawili. Naibu wake alipata bonde lenye mito mitatu, farasi na dhahabu. Naibu alikitazama kioo chake, akaanza kutokwa na jasho.

"Mheshimiwa, hili ni lako," alisema haraka. "Mimi nilikuwa nalishikilia tu."

"Fundi," Mkurugenzi aliita. "Hii kompyuta inanijua mimi ni nani?"

"Haimjui mtu yeyote, mheshimiwa."

"Basi ijulishwe."

Kabla ya saa ya chai ilikuwa imeshaundwa Kamati ya Kuratibu Bahati Nasibu, yenye hadidu za rejea nne, ya kwanza ikiwa "kuhakikisha kwamba bahati inabaki huru ndani ya mipaka itakayowekewa." Kila ramani ilitakiwa kupita kwenye kamati na kupata sahihi tatu. Kuanzia hapo, kazi ya Fundi ikawa ni kubonyeza.

Dunia ya tatu ilikuwa na mto uliotoka baharini ukapanda mlima. Mjumbe mmoja alipinga, mwingine akasema hiyo ni bidii, iigwe na watumishi wote. Dunia ya tisa ilikuwa na jangwa na theluji vimepakana kama sebule na jiko, ngamia upande huu, pengwini upande ule, wanatazamana. Dunia ya kumi na saba ilikuwa bahari tupu, kila mtu amesimama juu ya mwamba wake mdogo, na wote sawasawa. Ilikataliwa kwa kauli moja. Kumbukumbu za kikao zilitaja sababu: "Usawa uliokithiri."

Jioni alipofika nyumbani, mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anajikanda magoti kwa mafuta.

"Leo umefanya nini kazini, mwanangu?"

"Nimeumba dunia kumi na saba, mama."

"Mungu aliumba moja, akapata na siku ya kupumzika. Wewe hata barua hujapewa."

Walicheka wote wawili. Kisha mama alijaribu kusimama, akarudi kukaa, na Fundi akainama kutafuta kandambili ambazo hazikuwa zimepotea.

Siku ya tatu Mkurugenzi alimwita ofisini, akagonga kidole juu ya lile duara la chai.

"Barua yako nimeiona. Nitaitia sahihi siku ramani itakapokuwa ya haki."

"Haki ipi, mheshimiwa?"

"Inayonihusu."

Siku ya nne, mchana, ikatoka dunia ya arobaini na moja. Mkurugenzi alipata bara zima: mito saba, farasi, dhahabu, milima imelizunguka kama ukuta wa nyumba ya tajiri. Waliobaki walibanana kwenye ukanda wa pwani, na Naibu, mwenye kiti cha pili, alitupwa kisiwani kwenye barafu pamoja na dubu. Ukumbi ulipiga makofi. Naibu alipiga kuliko wote.

"Hii sasa ndiyo bahati!" alisema Mkurugenzi. "Inaweza kuhifadhiwa?"

"Inaweza. Kila ramani ina namba yake. Nikiiandika namba hii kesho, dunia itarudi hivi hivi, na kila kiti na ardhi yake."

Waraka ukachapwa papo hapo. "Dunia Namba Arobaini na Moja ndiyo bahati nasibu rasmi. Haibadilishwi, haihamishwi, haijadiliwi. Atakayeigusa atafukuzwa kazi." Sahihi zilikuwa tatu: ya Mkurugenzi kama mwenyekiti, ya Mkurugenzi kama katibu, na ya Mkurugenzi kama shahidi. Karani alimletea nakala ishirini, naye akazitia sahihi kwa mkupuo bila kuinua macho, huku akimsimulia Naibu habari za mito yake. Nakala ya kumi na nne haikuwa waraka.

"Shika," Karani alimnong'oneza Fundi kule masjala, akimkabidhi karatasi yenye duara la chai. "Nimeshaigonga mhuri na kuweka nakala yake kwenye faili. Faili likishafungwa, hata yeye analiogopa."

Fundi aliikunja mara nne, akaitia kwenye kiatu.

Siku ya tano Waziri alikuja kufunga mafunzo. Alisalimia, akaona kompyuta, akapendezwa, akataka kucheza. Kwa itifaki Waziri hakai popote ila kiti cha kwanza. Kwa hiyo wote walisogea kiti kimoja, na Karani akarudi masjala akiwa na furaha yake.

Mkurugenzi alikaa kiti cha pili. Kioo kilikuwa cheupe. Dubu walimtazama.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "tengeneza nyingine."

"Haibadilishwi, mheshimiwa. Sahihi zako hizi hapa, tatu."

"Mimi ndiye nimeagiza!"

"Kuna tatizo?" Waziri aliuliza kutoka barani kwake.

"Hakuna, mheshimiwa Waziri. Nafurahia hali ya hewa."

Kwa saa nne Waziri alishinda vita ambavyo hakujua vinapiganwa, na Mkurugenzi alikwepa dubu. Mwishoni Waziri alisimama akatoa hotuba. Alisema katika maisha yake hajaona mtumishi aliyekaa na hali ngumu vile bila kulalamika, na kipaji kama hicho hakifai kupotea. Papo hapo akaanzisha Kurugenzi ya Maeneo ya Barafu, akamteua Mkurugenzi kuiongoza, bila naibu.

Nchi haikuwa na barafu, isipokuwa kwenye ghala la baridi la machinjio. Ofisi ikapelekwa huko.

Wiki iliyofuata mama yake Fundi alitibiwa magoti kwa kadi mpya, na Fundi akatumwa kufunga kompyuta kwenye ofisi mpya. Alimkuta Mkurugenzi amevaa makoti mawili, anapuliza vidole, meza yake imebanwa katikati ya ng'ombe walioning'inizwa. Mchinjaji aliingia na beseni.

"Mzee, sogea kidogo. Hapo ni pa maini."

"Unajua unaongea na nani? Mimi ni Mkurugenzi."

"Sawa, Mkurugenzi," alisema mchinjaji. "Sogea."

Akasogea.