Viza ya Kupita Tabora

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Tabora si mahali pa kupitia tu. Misafara ya zamani ilifika hapa, ikala, ikalala, ikaondoka bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Uzembe huo umekoma. Kuanzia sasa kila mpitaji wa uwanja wa ndege atakuwa na viza ya upitaji.

Tangazo hilo lilitoka kwa Bwana Leodgar, Mkuu wa Ofisi ya Upitaji, mkazi wa Gongoni, hapa hapa Tabora, na mpenzi mkubwa wa tiketi za bei chee. Aliwahi kwenda semina ughaibuni kwa safari ya kuungaunga, kiwanja hadi kiwanja, ili avune pointi za maili ambazo mashirika ya ndege huwapa wateja wao. Kiwanja kimoja kikamzuia kwa kukosa viza ya nchi ambayo hakutaka humo chochote ila kikombe cha chai. Mwingine angekasirika. Leodgar alikaa kwenye benchi la chuma, akautazama mlango uliofungwa, akaupenda.

Sheria aliyorudi nayo haikuwa ngumu. Mpitaji ni yule ambaye tiketi yake haiishii Tabora. Asiye na viza hatoki nje ya geti, na viza huombwa ana kwa ana ofisini Kanyenye, mjini. Wakorofi waliuliza mtu atafikaje Kanyenye bila kutoka getini. Leodgar akawajibu kwamba hilo ni suala la utekelezaji, nalo lina kamati yake. Mama Recheli, aliyekuwa akienda Kigoma, aliomba atoke kidogo amsalimie mama yake mzazi aliyesimama nje. Alielekezwa apunge mkono, akapunga.

Ikafika Jumamosi ya posa ya Julieth, binti pekee wa Leodgar. Wakwe walikuwa njiani kutoka Goweko, jogoo ameshachinjwa, na firigisi, kama ijulikanavyo, ni ya baba mwenye nyumba. Baba alikuwa Dar kikazi. Tiketi ya Kigoma kupitia Tabora ilikuwa rahisi kuliko ya kuishia Tabora, tena ina pointi nyingi zaidi, na yeye alikuwa amebakiza kidogo sana apate kadi ya dhahabu. Akakata hiyo ya Kigoma. Angeshukia njiani, basi.

Getini Tabora alimkuta mlinzi Ndahani, Mgogo, mtani wake. Mnyamwezi na Mgogo wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi.

"Shikamoo, mzee. Tiketi yako inaishia Kigoma."

"Marahaba. Ndahani, mimi nakaa Gongoni."

"Hapa tunaangalia tiketi. Makazi ulikataza mwenyewe yasiangaliwe."

Leodgar akasema atajiandikia viza papo hapo. Ndahani akamkumbusha kwa upole kwamba mhuri uko Kanyenye. Simu ikaita: wakwe wamefika. Sasa Leodgar aliogopa kweli. Akavua koti lake jipya, akalipitisha juu ya geti, kama mababu zake walivyowapa Wagogo nguo ili wapishwe njia.

Ndahani alilivaa. Lilimkaa vizuri.

"Ahsante, mtani. Zamani ungepita. Siku hizi kuna sheria."

Abiria wa Kigoma wakaitwa. Leodgar akasindikizwa hadi kwenye ngazi ya ndege, kwa heshima zote anazostahili mpitaji.

Kigoma alipokelewa na ujumbe kwenye simu: hongera, sasa ni mwanachama wa dhahabu, anaruhusiwa kupumzika katika kumbi maalumu za wapitaji. Hakuumaliza. Alimpigia Julieth, akasikia vigelegele.

"Baba, posa imejibiwa. Mtani wako alipotoka zamu alikuja na koti lako, akakaa kwenye kiti chako, akajibu kwa niaba yako. Wakwe wamempenda sana."

Leodgar akahamishia simu sikio la pili.

"Na firigisi?"

"Amekula. Tulimkaribisha alale, akasema hapana, yeye anapita tu."