Wafanyakazi Wangu wa Desemba

Jumatatu, 12 Januari

Tap. Kitufe kimoja, mara moja. Nimelala na mlio huo, nimeamka nao, na sasa nakunywa nao chai. Ndivyo Bwana Miwani, mtengeneza miwani wa chumba kinachotazamana na changu, alivyowasilisha ritani yake ya mwaka ya kodi ya mishahara: amesimama, kikombe mkono wa kushoto, mlango wazi ili ghorofa nzima ione. Tap! Kisha akageuka, akaniuliza kwa upole kama mimi nimeshamaliza yangu. Nikamjibu kuwa naipitia kwa mara ya mwisho. Sijaifungua hata mara ya kwanza.

Ningempuuza. Nimesoma falsafa, kupuuza ndiyo fani yangu. Lakini leo Mama Jengo, mwenye nyumba wetu, ametangaza kuwa duka la chini liko wazi, lile lenye kioo kinachotazama barabara. Atampa mpangaji ambaye biashara yake imesimama. Nikauliza kusimama kunapimwaje. Akasema nimletee stakabadhi ya ritani aone nina wafanyakazi wangapi, maana amechoka na wapangaji wanaohama na ufunguo.

Bwana Miwani ana watatu. Mimi nina Fundi.

Fundi anashona mapazia. Mimi napokea oda na kufikiri. Magoti yake hayataki tena ngazi za jengo hili, na amenena bila kuinua sauti, jambo linalotisha zaidi: mwanangu, tukiendelea kukaa huku juu, mwezi huu ukiisha mimi basi. Bila Fundi sina biashara. Nina vitambaa tu, na maoni.

Lazima nipate duka la chini.

Jumanne, 13 Januari

Nenosiri nimelikumbuka katika jaribio la mwisho kabla mfumo haujanifungia. Lilikuwa "nitaanzakesho". Nilikuwa mtu mwenye matumaini.

Ndani ya fomu kuna kitufe cha kijani kilichoandikwa "Ongeza mfanyakazi". Hakina mlinzi. Hakikuulizi kwa nini. Nilikitazama muda mrefu, nikahisi kitu ambacho wengine labda hukihisi ufukweni.

Nimemwongeza Mama. Aliwahi kupokea mzigo wa vitambaa mlangoni, basi ni Mtunza Stoo. Nimemwongeza Mjomba. Aliwahi kunibebea vyuma vya mapazia, akalalamika njia nzima, basi ni Msafirishaji. Nimemwongeza Shangazi, ambaye hunishauri kuhusu rangi bila kuombwa tangu siku nilipofungua. Cheo chake kilinisumbua. Shangazi hawezi kuwa chini ya mtu hata kwenye kompyuta. Nikamwandika Meneja Mkuu, na mshahara nikampandishia kidogo, kwa usalama wangu.

Namba zao za mlipakodi ninazo. Mimi ndiye msomi wa ukoo, kila fomu ya ukoo hupitia kwangu. Mishahara yote nimeiweka chini ya kiwango cha kukatwa kodi. Serikali haipotezi kitu, mimi sipotezi kitu. Nani ameumia? Magazeti yana neno lao, wafanyakazi hewa. Wangu si hewa. Wana miili, hasa Shangazi.

Jioni Fundi akaniuliza, si angeweza kushonea kwake nyumbani, niwe nampelekea vitambaa? Nikamweleza kwa subira kuwa kampuni yenye mwelekeo haitawanyiki. Akanitazama kama mtu anayetafuta tundu la sindano.

Alhamisi, 15 Januari

Nimekataliwa! Maandishi mekundu. Mfumo unasema ritani zangu za kila mwezi zilionyesha mfanyakazi mmoja, sasa hawa wengine wametoka wapi? Swali zuri. Nikatembea mpaka dirishani, nikarudi. Nikawaajiri wote watatu Desemba, nikarekebisha ritani ya Desemba, nikatuma tena. Kijani! Wafanyakazi wanne.

Nimechapisha stakabadhi, nikapita nayo taratibu mbele ya mlango wa Bwana Miwani. Akanipongeza. Mnafiki.

Mama Jengo aliisoma karatasi akiwa ameinua nyusi. Akasema vizuri sana, Jumatatu atapanda mwenyewe awaone hao wanne kazini. Nikasema karibu sana. Nikarudi juu kuhesabu viti.

Ijumaa, 16 Januari

Kuna jambo ambalo maelekezo ya mfumo huliandika mwishoni, kwa herufi ndogo. Ritani ikipokelewa, kila mfanyakazi hutumiwa ujumbe wa simu kumjulisha alilipwa nini.

Mama alinisubiri sebuleni na miwani yake puani. Akanisomea ujumbe kwa sauti, pole pole, kama hukumu. Akauliza, Desemba hii ni ile ile aliponiomba nauli ya kliniki nikamwambia biashara imelala? Nikamwambia mshahara huo ni wa kinadharia. Akasema gesi yeye hununua kwa vitendo.

Hayo yangepita. Lakini Shangazi alikuwa ameshapiga simu kumsomea Mama, wifi yake, ujumbe wake mwenyewe. Mama akaacha kunitazama. Kisha akauliza, huku akipanga vijiko ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa, eti wifi yangu ananizidi mimi mshahara kwa kazi gani hasa? Kwa mtoto niliyemzaa mimi?

Mjomba naye anataka kustaafu. Anasema mgongo. Ameuliza kama kiinua mgongo chake hutolewa kwa mkupuo.

Nimewaomba wote waje Jumatatu, asubuhi moja tu, wakae kama wafanyakazi. Mama amekubali kwa sharti kwamba hatapokea amri ya wifi. Shangazi amekubali kabla sijamaliza sentensi. Anashonesha suti.

Jumatatu, 19 Januari

Nataka kuandika kwa utulivu.

Mama alifika wa kwanza, akapiga pasi mapazia yote, hata yasiyouzwa. Mjomba alikaa juu ya marobota ya vitambaa akasinzia, na kwa kweli alionekana kama msafirishaji halisi. Fundi alishona bila kuuliza chochote. Mara moja tu alisema, bosi, hawa wageni wataondoka saa ngapi, wamenizibia mwanga?

Mama Jengo akaingia. Akahesabu vichwa kwa kidole. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimeshashinda! Niliona jina langu kwenye kioo cha chini, herufi za dhahabu.

Ndipo Shangazi akainuka kutoka kwenye kiti changu.

Akajitambulisha kama Meneja Mkuu. Akasema ameshalikagua lile duka akipita. Rangi inabambuka. Choo hakifungi. Kwa kampuni ya hadhi yetu lile ni kama kibanda, na kama mwenye nyumba hatapunguza kodi ya pango, basi sisi tuna majengo mengine tunayoyaangalia. Nilimkonyeza. Nilimkonyeza kwa macho yote mawili. Akaniambia mbele ya watu, nyamaza mwanangu, waache wakubwa wafanye mazungumzo, mshahara huu siuli bure.

Mama, kutoka kwenye pasi, akauliza mshahara upi.

Mama Jengo alitutazama mmoja mmoja. Akasema, basi, asingependa kuiangusha hadhi ya kampuni. Akashuka. Shangazi akaniambia kwa kunong'ona kuwa ndivyo wanavyofanya, watarudi wakibembeleza.

Jumanne, 20 Januari

Hakurudi akibembeleza. Duka amepewa Bwana Miwani. Mimi nimepewa barua: kwa kuwa sasa tuko watu wengi huku juu, mchango wangu wa maji umepanda.

Jumatano, 21 Januari

Bwana Miwani alikuja kuniomba ruhusa. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Angeiba kimya kimya ningemwelewa. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akasema duka la chini ni kubwa kuliko shida yake, na Fundi amemuuliza kama anaweza kukodi ile pembe ya kioo aweke cherehani yake. Ajishonee mwenyewe, kwa wateja wake mwenyewe. Nina neno?

Nilikuwa na maneno mengi. Nilisema hapana.

Wasaidizi wa Bwana Miwani waliishusha cherehani. Fundi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante mwanangu, nikikosea ukae ukijua ni magoti, si wewe. Oda zilizobaki atanimalizia, niwe nazishusha. Akashuka akishikilia ukuta. Sikuweza kumtazama hadi chini.

Nyumbani Mama alinipakulia chakula. Akasema, mtu alikuomba umpunguzie ngazi, wewe ukamwongezea wifi yangu. Nikasema ni suala pana zaidi ya hapo. Akasema kula.

Alhamisi, 22 Januari

Nimetafakari usiku kucha na nimeliona kosa. Mfumo unaruhusu kusahihisha ritani hadi mwisho wa mwezi, na asubuhi hii nimesahihisha. Nimemwondoa Mama, nimemwondoa Mjomba, nimemwondoa Shangazi. Kila mmoja ametumiwa ujumbe kwamba ajira yake imesitishwa. Mjomba amejibu "Amina". Shangazi amepiga simu mara nyingi na sijapokea. Anadai notisi.

Akabaki Fundi peke yake kwenye fomu. Kishale kilikuwa juu ya "Ondoa", na kidole changu kilikuwa tayari. Hapo ndipo nikaelewa. Watu hawaachi kazi kwa sababu ya magoti. Magoti ni lugha tu. Watu huacha kazi kwa sababu hawajatambuliwa, na ni nani aliyewahi kumtambua Fundi? Cheo chake kiliandikwa "mshonaji", herufi ndogo, tangu siku ya kwanza. Ningekuwa yeye ningeondoka mapema zaidi.

Kwa hiyo sikumwondoa. Nimemwandika Mkurugenzi wa Uzalishaji, kuanzia Desemba, na mshahara wa ukurugenzi, safari hii juu ya kiwango cha kukatwa kodi, ili ajue kuwa sifanyi mzaha. Nimewasilisha saa nne. Ujumbe umeshamfikia; sasa namsubiri apande ngazi.