Kompyuta Kuukuu na Roketi ya Futi Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Agosti
Siku tano zimebaki. Jumamosi narusha roketi yangu ya futi kumi na moja kwenye shamba la akina Leiker, ngano ikiwa imeshavunwa, nipate cheti cha daraja la tatu, la juu kabisa kwa sisi warusha roketi. Nimeshafeli mara mbili. Duane Koerner, mkuu wa usalama wa klabu yetu, kasema hii ndiyo ya mwisho: nikiboronga tena, nitafute mchezo mwingine. Eti karata. Mshenzi!

Duane hurusha za kwake kwa simu. Simu! Mimi nitarusha kwa kompyuta yangu ya mwaka 1982. Inasoma programu kwenye kaseti kwa dakika kumi na moja, kisha inahesabu kurudi nyuma hadi sifuri, tarakimu za kijani, na kuwasha injini. Watakodoa macho.

Jumanne, 5 Agosti
Jaribio gerejini. Badala ya roketi nimefunga balbu. Sifuri, balbu ikawaka. Safi! Kioja kimoja tu: kila nikiwasha kompyuta, balbu humeta mara moja kabla sijagusa kitufe chochote. Bernadine, mke wangu, akauliza hiyo nayo nini. Nikamwambia inasalimia. Akasema salamu za hivyo hazitaki. Wasiwasi mtupu!

Alhamisi, 7 Agosti
Duane kaja kukagua. Akataka kuona ufunguo. Sheria ya klabu: mtambo wa kurushia uwe na ufunguo wa kukata umeme, na anayekwenda kwenye roketi autie mfukoni, mtu asije akaiwasha mwenzake yupo pale. Sasa nikikata umeme nianze kaseti upya? Dakika kumi na moja! Na ruhusa yetu ya anga inakwisha saa kumi. Nikamwambia nitaufunga kesho.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeufunga! Swichi ya trekta bovu la marehemu baba, nimeigandisha juu ya kisanduku cha kurushia. Ndani hakuna waya hata mmoja. Lakini inazunguka vizuri na inalia kabisa. Duane akaizungusha mara tatu, akaweka sahihi. Nimemweza!

Jioni kaja shemeji yangu Wendel, kaka yake Bernadine, na bakuli la mikate ya kabichi na nyama. Yeye ana daraja la tatu, ndiye shahidi wangu. Kajitolea pia kufunga kiwashio chini ya roketi, maana kitambi changu hakiniruhusu kupiga magoti. Akasema, "Safari hii unatutoa kimasomaso, shemeji." Mtu mwema sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Jua kali. Kaseti imeshasomwa, waya umeshaunganishwa na kompyuta. Wendel akachukua ufunguo, akautia mfukoni, akaupigapiga kwa kiganja ili Duane aone, akaenda kufunga kiwashio. Hatua mia mbili hivi. Kompyuta ilikuwa ya moto kama pasi. Nikaogopa itazimika. Nikachomeka feni kwenye jenereta ileile inayoiendesha. Jenereta ikakohoa. Kioo kikazima, kikawaka tena.

Ikasalimia.

Roketi iliondoka Wendel akiwa amepiga magoti chini yake. Kishindo kwanza, halafu sauti yake. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Wote walikimbia. Mimi pia nilikimbia, lakini hapa niandike ukweli: nilikimbia nikitazama juu. Imekwenda wima! Parachuti ikafunguka! Imetua haina hata mkwaruzo, na hakuna mmoja wao aliyeinua uso.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Duane akakipindua kisanduku changu, akaona chini ya swichi hakuna kitu. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alisema tu, "Alvin, yule bwana alikuamini." Nikamwambia kosa ni la feni. Akaenda kutapika nyuma ya gari lake.

Jumatano, 13 Agosti
Hospitalini. Mkono wa kulia wa Wendel wameukata kwenye kifundo. Jicho moja madaktari hawasemi kitu. Bernadine kahamia kwa wifi yake, mke wa Wendel, na simu zangu hapokei. Klabu imenifukuza kwa kura, kumi na tisa kwa moja, na hiyo moja ni yangu. Nimelia ndani ya gari. Kweli nimelia, mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

Halafu nikafikiri. Cheti hakitoki klabuni, kinatoka makao makuu ya taifa! Wao wanataka roketi irudi nzima na sahihi ya shahidi, basi. Roketi ni nzima. Na Wendel alianguka chali. Nani aliiona vizuri kuliko yeye?

Nikaingia na fomu. Nikamuuliza kama aliiona ikipanda. Akanitazama sana kwa lile jicho moja. Akasema, "Niliiona, shemeji." Niliruka kwa furaha, muuguzi akanikanya. Nikamwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto. Akaiachia, ikaanguka sakafuni. Nikaiokota, nikamrudishia. Akaiachia tena, akageukia ukutani.

Mkono wa kushoto haujazoea, masikini. Nimemwachia daftari kando ya kitanda afanye mazoezi ya kuandika jina lake. Ijumaa nitarudi.