Wali wa Bari kwa Mama Léocadie

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mvua kidogo asubuhi. Mama Léocadie amealikwa na binti yake, Murielle, anayetunza wazee mjini Bari, kusini mwa Italia, kando ya bahari. Miezi mitatu. Akipenda, abaki. Jibu linatakiwa Jumapili. Aliniambia huku anapima kola ya shati, kama anayetaja hali ya hewa. Alikiri anaogopa. Hajui hata watu wa huko wanakula nini.

Nimewaza mchana kutwa. Tupo barabara ya Jules miaka ishirini na miwili, yeye na cherehani yake, mimi na meza yangu ya vitabu vya mtumba. Hapa Malvern, ugenini, tumebaki sisi wawili tu tunaokumbuka kwamba duka la Mgiriki kule kwetu Uvira, Kongo, lilikuwa na mlango wa kijani. Akienda, nitaukumbuka peke yangu. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha mlango.

Uamuzi: asiende. Kumkataza siwezi. Nitamweleza Bari ilivyo mpaka aikatae mwenyewe.

Jumanne, 4 Novemba
Shambulio la kwanza. Nilimweleza kwamba katika vichochoro vya mji mkongwe wanawake huketi milangoni wakifinyanga unga kwa kidole gumba mpaka uwe na umbo la masikio, kisha watu huyachemsha masikio hayo na kuyala. Akajibu kwamba kwetu tunakula kichwa kizima cha mbuzi, masikio yakiwemo, na hakuna aliyetukimbia.

Nikamtajia pweza, mikono minane, hupigwapigwa juu ya jiwe na kuliwa mbichi. Alisimamisha cherehani. Nikaona nimeshinda. Akasema anamwonea huruma fundi atakayemshonea shati.

Balthazar, Mrundi anayetengeneza viatu mlango wa pili, alicheka mpaka akameza msumari, au karibu. Akaniita Mwalimu wa Pweza. Mtu huyu hajasoma kitabu tangu nimjue.

Alhamisi, 6 Novemba
Kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nazungumzia upepo mbaya wa Bari, nikateleza kwenye elimu na kutaja kwamba mifupa ya Mtakatifu Nikolasi imehifadhiwa pale, chini ya kanisa lake. Mama Léocadie akavua miwani. Yule aliyetuletea peremende kila Desemba shuleni kwa masista? Yuleyule. Akauliza kama watu huruhusiwa kumsogelea. Nikalazimika kusema ndiyo. Siwezi kusema uongo juu ya mtakatifu.

Balthazar akajitolea kumkopesha sanduku lake kubwa, la magurudumu.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda mjini kati na kurudi na silaha: kitabu cha mapishi cha Kitaliano. Picha zimechanwa zote, maneno yapo. Chakula kikuu cha Bari: riso, patate e cozze.

Kitaliano sikukisoma. Lakini nilifundishwa Kifaransa na mapadre, na Kitaliano ni Kifaransa kilichoachwa juani. Riso, wali. Patate, viazi vitamu; kila Mkongo anajua kwamba kiazi mviringo ni pomme de terre na patate ni kitamu. Cozze lilinichukua dakika mbili: ni cosses, maganda, yaani maharage machanga na maganda yake. Vyote hupangwa tabaka kwa tabaka na kuokwa katika sinia moja. Wali na viazi vitamu na maganda! Hakuna mama wa Uvira atakayevumilia. Sitaongeza ubaya wowote. Bari yenyewe itafanya kazi.

Jumamosi, 8 Novemba
Nilipika kwa uaminifu. Kitunguu, nyanya, mafuta ya zeituni, saa nzima ndani ya oveni. Nikapakua, nikaketi, nikangoja uso wake ukunjamane.

Alikula. Akaongeza. Sahani ya tatu akafuta macho kwa utepe wake wa kupimia. Alisema mama yake alichanganya viazi vitamu na maharage hivihivi, siku za mvua, na tangu afe hajapata kuvionja vikiwa pamoja. Kumbe Bari wanakula kama kwetu, Mwalimu, na mimi nilikuwa naogopa nini?

Balthazar, ambaye sikumwalika, alilamba kijiko na kusema eish, Mwalimu, leo umempeleka mama mpaka uwanja wa ndege.

Jumapili, 9 Novemba
Amejibu ndiyo. Baada ya misa alinishukuru mbele ya watu wote.

Jumamosi, 22 Novemba
Ameondoka. Balthazar alisukuma sanduku. Mimi nilibeba mkoba wa mkononi, ulikuwa mwepesi mno kunipa heshima. Alinishika mkono kwa muda.

Jumapili, 7 Desemba
Ujumbe wa sauti kutoka Bari. Jana, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, Murielle alimpeleka kula chakula chetu. Viazi ni mviringo. Cozze ni kome weusi wa baharini, na maganda yao magumu. Aliuliza kama nilimdanganya au nilijidanganya, akacheka mpaka akakohoa. Sasa anawapikia wazee wa Murielle wali wangu, na wanauomba tena. Kuhusu kurudi hakusema neno.

Nimelitafakari. Inawezekana watu wa Bari wamesahau mapishi yao ya asili. Miji ya bandari husahau haraka.

Hata hivyo anatakiwa kurudi, na njia ninaijua. Nimemwandikia padre wa parokia yake, kurasa mbili, kwa Kitaliano, nikimwomba amshauri arudi nyumbani. Maneno niliyoyakosa nimeyachukua kwenye Kifaransa na kuyatia herufi o mwishoni. Nimesoma barua yote kwa sauti. Inatiririka.