Junipa Lazima Anenepe

Jumatatu, 7 Aprili 1947

Mdomo wangu utaniua. Jana kwenye mlo wa Pasaka, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, niliapa.

Shemeji Orville ndiye aliyenichokoza. Alikuwa akijitapa tena na dume lake Biskuti, aliyekwisha kuandikwa katika kitabu cha chama cha farasi wa robo maili, wale wa kuchungia ng'ombe. Mnyama gani yule! Mfupi, mnene, matako mapana kama mlango wa ghala. Ndiyo fasheni ya Texas nzima siku hizi. Orville akauliza, mdomo umejaa nyama, eti jike wangu Junipa ataingia lini kitabuni, au nitamwandikisha kama twiga?

Nikasema mwezi huu huu! Na akikataliwa, naachana na farasi, nakwenda kuajiriwa kwenye mabanda ya kuku ya Orville. Kisha Opal, mke wangu wa ndoa, akasema, "Amina."

Kuku! Mimi, Virgil Tackett, niliyekulia juu ya tandiko!

Jumanne, 8 Aprili

Ukweli niuandike hapa tu. Baba yake Junipa ni dume la jeshi. Zamani jeshi lilitugawia wafugaji madume ya mbio, wale wa damu safi wenye asili ya Uingereza, tuwapandishe majike wetu, kisha lenyewe linunue watoto kwa ajili ya askari. Nilishangilia sana. Farasi warefu, wepesi, wanaokimbia mpaka jua lichoke! Halafu jeshi likapenda malori. Nimebaki na Junipa: miguu mirefu, kiuno cha nyigu, shingo ya bibi mwenye majivuno. Mama yake ni wa robo maili halisi, ila nani ataamini?

Wakaguzi wa chama, ambao humkagua kila farasi kabla hajaandikwa, hawataki miguu mirefu. Wakinusa damu ya mbio, wanafunga kalamu na kuondoka.

Dawa ninayo. Anenepe! Mahindi asubuhi, mahindi mchana, pumba na molasi jioni. Na marufuku kukimbia, hata hatua moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Ananenepa! Lakini tumboni tu. Matako ni yale yale.

Ndama wametoroka, na Opal akataka kumpanda Junipa awarudishe, kama afanyavyo siku zote. Nikakataa katakata. Amekwenda kwa miguu, amerudi na matope mengi na maneno mengi zaidi. Kasema hakuna farasi wa ng'ombe kama Junipa kaunti nzima, mwache mkaguzi amwone kazini, basi, yaishe. Nikamwambia mkaguzi haangalii kazi, anaangalia umbo. Akajibu hata yeye siku ile aliangalia umbo, na ona alichoambulia.

Nimeongeza molasi.

Jumamosi, 19 Aprili

Miguu! Nimelala nikiwaza miguu, nimeamka na jibu. Kila mfugaji hapa anajua kumsimamisha farasi mahali panapompendezesha, mbele pameinuka kidogo, nyuma pameshuka. Mimi nimeboresha tu. Nimechimba mtaro mbele ya ghala, wa kufunika kwato na kidogo zaidi, juu nimetandaza majani makavu. Miguu inapungua bila kukatwa. Akili hiyo!

Orville kapita na trei ya mayai. Akauliza nachimba kaburi la nani. Nikasema la wivu wako. Akacheka, akasema aproni yangu ya kazi iko tayari, mkewe ameifua.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya mkaguzi. Ole wangu.

Bwana Hollis Pruitt ni mzee mkavu, si mtu wa maneno. Orville naye alifika, amebeba kiti chake na mkate wa nyama, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wala sikufikiria mvua imeufanya nini mtaro. Nikamsimamisha Junipa juu ya majani, na kwa uzito wa mahindi yangu yote akazama mpaka magotini!

Bwana Pruitt akamzunguka mara mbili. Akasema amekagua farasi wengi, ila huyu ndiye wa kwanza kuja bila miguu. Orville akaanguka na kiti chake.

Nikasema huo ufupi ni wa kuzaliwa. Mzee akaomba atembee kidogo. Tulimvuta sote, hata mkaguzi mwenyewe, Orville akisukuma kwa nyuma huku anakufa kwa kicheko. Akatoka. Akazidi kutoka. Miguu haikwisha!

Nikaulizwa baba yake ni nani. Nilipofungua mdomo, Opal akaniwahi: dume la jeshi. Nikafumba macho nisubiri kalamu ifungwe.

Haikufungwa! Bwana Pruitt akasema alishaitambua damu hiyo tangu getini. Mwaka huu wameruhusiwa kuwakubali majike wa damu hiyo, mradi mama awe wa robo maili na mnyama mwenyewe aijue kazi ya ng'ombe. Chama kimechoka na mapipa yasiyoweza kugeuka. Kicheko cha Orville, mwenye Biskuti, kikakatika.

Opal hakungoja kuambiwa. Akapanda. Ndama akafunguliwa. Mungu wangu, Junipa yule! Akainamisha kichwa, akamzibia ndama njia kushoto, akamzibia kulia, Opal hata hatamu hajagusa. Nililia. Naandika hivyo bila aibu.

Kisha Junipa akasimama. Akahema kama mvukuto. Tumbo likanguruma, sote tukasikia. Ndama akampita taratibu, akaenda kula yale majani ya mtaroni.

Bwana Pruitt akasema kwa huzuni kwamba huyu ni farasi mzuri aliyefungiwa ndani ya gunia la mahindi. Mnyama anayeshindwa kumzuia ndama mmoja, yeye hawezi kumpitisha. Atarudi kumkagua tena mwakani. Akanishika bega: njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako ina shimo katikati.

Jumatano, 23 Aprili

Opal hajanigombeza. Hilo ndilo la kutisha. Kasema tu kwamba kuanzia leo Junipa yuko mikononi mwake, atamrudisha kwenye mbio na kwenye ng'ombe, na mimi nisimkaribie na hata punje moja ya mahindi. Kisha akanipikia pai ya njugu za pikani. Huruma ile iliniuma kuliko matusi.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya kwanza kwa kuku. Aproni inanibana. Orville ananiita "cowboy" mbele ya wateja.

Lakini macho ninayo. Nimewatazama kuku wake siku nzima: wafupi, wanene, wavivu! Mbweha akija leo, hakuna atakayefika hata kwenye waya. Orville hajui ugonjwa wao. Mimi naujua. Wamekosa damu ya mbio.

Kuna mtu huko Abilene anafuga majogoo wa kupigana, warefu, miguu yote mishipa. Nimeshamwagiza mmoja. Nitamwingiza bandani Jumapili, wote wakiwa kanisani. Orville hana haja ya kujua. Vifaranga wakikua, hatawakamata bila farasi, na hapo atakuja kunipigia magoti.